Mkono wa Mzee Kobelo na Waya Nilizosokota

Mkija kwangu, msiniamkie haraka haraka kama mnaokimbilia treni, halafu mkaniwekea uchafu mezani. Jumamosi iliyopita walinijia wanafunzi watatu wa chuo, kutoka Mazimbu, wamebeba boksi la viatu. "Shikamoo babu, shikamoo babu, shikamoo babu." Marahaba. Kabla sijamaliza kuitikia boksi limeshafunguliwa: kibao cha maikrokontrola, ile chipu yenu mnayoiabudu, amplifaya ndogo kama ukucha, na waya mbili ndefu za simu zilizounganishwa katikati kwa kusokotwa na kufungwa utepe mweusi.

Binti mmoja, Neema, ndiye aliyekuwa msemaji. Wametengeneza sanduku la kukaushia karafuu kwa ajili ya kikundi cha akina mama huko Matombo. Ndani ya sanduku kuna kihisi cha joto. Chipu inasoma joto, na likizidi inafungua tundu la hewa. Mpaka hapo nilikuwa natabasamu.

"Sasa babu, hii kitu inazingua. Namba zilikuwa zinacheza kidogo tu, tukaongeza geini ya amplifaya mpaka mwisho. Saa hizi inasema nyuzi sitini, tundu linafunguka, lakini karafuu hazikauki."

"Na wenyewe wanasemaje?"

Neema akacheka. "Kuna mama mmoja anabisha kweli kweli. Anasema sanduku limepoa. Sasa yeye anashika tu kwa mkono, babu, hana hata themomita."

Nilisimama. Mke wangu anasema nilipiga kelele mpaka jirani akatoka nje akidhani tumeingiliwa na wezi. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikalifunga lile boksi na kuwaambia waondoke na takataka zao. Wakaondoka, maskini, hawaelewi babu kapandwa na nini.

Basi nawaandikia ninyi na wenzenu wote mnaochezea vihisi, mjue kilichonipanda. Radhi sitawaomba. Hasira ile ni yangu halali, nimeibeba tangu kabla hamjazaliwa, na sehemu kubwa ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Mimi nilikuwa fundi wa vipimo katika kiwanda cha mbao na milango, ng'ambo ya reli, hapa hapa Morogoro. Jina la kiwanda halina maana tena, mahali pale sasa pana ghala la saruji. Tulikuwa na tanuri moja kubwa la kukaushia mbao kwa mvuke. Mbao za mtiki na mninga zinaingia mbichi, zinakaa humo siku kadhaa, zinatoka kavu, zinakuwa milango. Ukizitoa kabla hazijakauka zinakuja kujikunja zikiwa tayari zimeshapigwa bawaba kwenye nyumba ya mtu.

Mwendesha tanuri alikuwa Mzee Kobelo, Mluguru wa huko huko Matombo, mtu mfupi, mwenye viganja vipana kuliko mwili wake. Mimi ni Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani, na alinitania kila asubuhi ya Mungu. "Mnyamwezi umekuja? Nilidhani umebebeshwa mzigo kupelekwa pwani." Nami namwambia ashuke kwanza kwenye mgomba ndipo tusalimiane. Siku ikipita bila matusi ya namna hiyo, ujue mmoja wetu anaumwa.

Kazi yake aliifanya kwa mkono. Anaweka kiganja kwenye mlango wa chuma wa tanuri, mahali pale pale kila siku, rangi ilikuwa imechujuka kwa umbo la mkono wake. Anatulia. Kisha anasema, "Ongeza mvuke kidogo," au, "Acha hivyo hivyo." Ubao akiutoa anaugonga kwa kifundo cha kidole na kuusikiliza. Mimi nilikuwa na themomita ya zebaki, nikiichomeka kwenye tundu baada yake ili nimkamate amekosea. Nilimwinda miaka mingi. Akikosea, alikosea kwa nyuzi mbili.

Sasa mnisikilize kuhusu enzi zile, maana mnazisikia kwenye hotuba tu. Kulikuwa na uhaba. Waya ulikuwa hauuzwi dukani ukaenda ukanunua. Ukihitaji mita ishirini unaandika barua, barua inakwenda Dar es Salaam, na jibu likija umeshasahau uliomba nini. Kwa hiyo sisi mafundi hatukutupa kitu. Kipande cha waya cha urefu wa mkono kilikuwa mali. Tulikuwa tukikwangua ncha kwa wembe, tunasokota, tunafunga utepe, mashine inawaka. Mimi nilikuwa bingwa wa kusokota, na niliringa kwa hilo. Kiwanda kizima kilijua kwamba ukinipa vipande kumi nitakutolea waya mmoja. Risasi ya kulehemu ilikuwa adimu kuliko nyama, kwa hiyo tulikaa bila hiyo na tukaanza kuona kwamba hata haina haja. Hilo la mwisho ndilo kosa, na halikuwa la serikali wala la uhaba, lilikuwa la kwetu wenyewe.

Kisha ikaja ruksa. Maduka yakajaa redio na mitumba, na kiwanda kikapata mwekezaji. Ikaja na orodha ya wafanyakazi wa kupunguzwa, inabandikwa ubaoni karibu na lango, na watu wazima wanaisoma kwa vidole kama watoto wa darasa la kwanza. Mwekezaji akamleta mtaalamu wake. Kijana safi, shati halina hata kunyanzi. Akatazama alama ya mkono wa Mzee Kobelo mlangoni, akauliza ni uchafu gani ule.

Mtaalamu akaagiza kihisi cha platinamu cha tanuri, amplifaya na kisanduku chenye namba nyekundu zinazong'aa. Vitu vizuri kweli, siwezi kudanganya, nilivipapasa kama nguo ya sikukuu. Namba zisomeke kwenye chumba kipya chenye kioo, huko mwisho wa jengo, ili mkubwa aone joto akiwa kwenye kiti, na mvuke uongezwe kwa namba hizo, si kwa mkono. Nikamwambia tunahitaji waya mzima, mrefu, wenye nyuzi tatu. Akajibu, "Fundi, waya ni waya. Stoo imejaa vipande."

Angekuwa fundi mwingine angekataa. Mimi nilifurahi. Niliona ni nafasi ya kumwonyesha huyu mwenye shati nani ni nani mjini hapa. Nikakusanya vipande stoo, nikakwangua, nikasokota, nikafunga utepe, nikaupitisha waya wangu wa viungo kumi na kitu juu ya kenchi za paa, jirani kabisa na bomba la mvuke. Uzi wa tatu sikuuweka, maana vipande havikutosha.

Hapa, vijana, ndipo mweke simu chini.

Kihisi cha namna hii hakitoi umeme wake. Ni waya mwembamba tu ambao ukinzani wake, yaani unavyozuia umeme kupita, unapanda ukipata joto. Na unapanda kidogo mno: nyuzi moja ya joto haikupi hata nusu omu, kipimo cha ukinzani. Ndiyo maana mnaweka amplifaya, ili hicho kidogo kionekane. Sawa. Lakini waya wa kukifikia kihisi nao una ukinzani, na kiungo kilichosokotwa kina ukinzani, na kiungo kilichosokotwa kikala mvuke na kutu kina ukinzani wa kutisha, tena unaobadilika kila ukiguswa. Amplifaya haijui kipi ni joto na kipi ni kutu. Inavipokea vyote, inavikuza vyote, na kule mwisho inatoka namba moja safi inayong'aa. Mkiongeza geini, yaani nguvu ya kukuza, mnakuza uongo pamoja na ukweli. Uzi wa tatu kazi yake ni kupima waya wenyewe ili utolewe kwenye hesabu. Na mkiweza, amplifaya ikae palepale kwenye kihisi, isafiri ishara iliyokwisha kukuzwa. Mambo haya mngeyasoma kwenye karatasi inayokuja na kifaa, kama mngekuwa mnasoma karatasi.

Nilipima mitambo ile kabla ya kuikabidhi. Nilipima vizuri mno. Barafu kwenye kikombe: sifuri. Maji yanayochemka: mia kasoro kidogo, kama inavyotakiwa kwa mji uliokaa mguuni mwa mlima. Nikaweka sahihi. Lakini nilipima mezani, karakanani, kwa waya wa urefu wa shubiri. Baada ya hapo nikakichukua kihisi, nikakifunga kwenye tanuri mwisho wa vile vipande vyangu, na sikurudia tena kupima. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Mwezi haujaisha, Mzee Kobelo akanifuata karakana. Safari hii bila matusi.

"Mtani, tanuri limepoa."

"Namba inasema sitini, mzee."

"Nimesikia inavyosema. Mimi nakwambia limepoa. Njoo ushike."

"Una homa wewe. Nenda ukanywe uji."

Sikwenda kushika. Themomita yangu ya zebaki ilikuwa kwenye droo, hatua nne kutoka nilipoketi. Hatua nne, jamani. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile.

Mbao zikatoka mbichi. Milango ikaenda kwenye shule moja ya bweni, na baada ya muda ikarudishwa kwenye lori, imejikunja, mingine imepasuka katikati. Mtaalamu akatazama kitabu cha namba: sitini, sitini na moja, sitini. Kwa hiyo joto lilikuwepo. Kama joto lilikuwepo na mbao hazikukauka, basi mtu alikuwa anafungua mlango wa tanuri. Na mwenye ufunguo wa mlango alikuwa mmoja.

Tuliitwa ofisi ya utumishi asubuhi, chai haijanywewa. Mzee Kobelo alivaa shati lake la msikitini. Afisa utumishi akamwuliza kwa nini anahujumu kiwanda. Mzee akasema hajafungua mlango. Akasema tanuri lilikuwa limepoa na alitoa taarifa.

"Ulijuaje kwamba limepoa?"

"Kwa mkono."

"Mkono wako una namba, mzee?"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Sikumbuki kama ilikuwa kwa kuogopa au kwa mazoea ya utani, ila kicheko changu kilitoka, na Mzee Kobelo aligeuka akaniangalia mimi, hakumwangalia mwingine.

Kisha nikaulizwa mimi: kifaa ni kizima? Nikasema ni kizima, nilikipima mwenyewe. Wala sikudanganya. Siku ile nilikuwa naamini hivyo kwa moyo wote, na ndiyo maana nawaambia kuamini hakusaidii kitu kama hujaenda kupima mahali penyewe.

Mzee Kobelo hakupunguzwa kama wenzake waliotoka na barua ya shukrani. Alifukuzwa kwa hujuma. Barua yake ilibandikwa pale pale ubaoni, ili iwe fundisho. Akafunga vitu vyake ndani ya kanga na kupanda gari la Matombo.

Wiki ya tatu baada ya yeye kuondoka nilipanda ngazi kufagia masizi kwenye kenchi. Ngazi ikauparuza waya wangu. Mwendeshaji mpya akapiga kelele kutoka chini, "Fundi! Namba imeshuka, hamsini na moja!" Nikaugusa tena waya. "Sitini na tatu!" Nikaminya kiungo kimoja kwa vidole viwili. "Arobaini na tisa!"

Nilijua palepale, nikiwa juu ya ngazi. Niliufungua utepe, nikakuta shaba imegeuka kijani. Nikashuka, nikaenda kuchukua themomita ya zebaki, hizo hatua nne zikawa nyepesi ajabu, nikaichomeka kwenye tundu. Arobaini na nane. Tanuri lilikuwa limepoa kwa zaidi ya nyuzi kumi, na lilikuwa linapoa kidogo kidogo tangu siku niliposaini.

Mnataka kujua nilifanya nini? Mngetaka niseme nilikimbilia ofisini. Kulikuwa na orodha mpya ubaoni wiki ile. Nilikuwa na watoto wanne. Nikatafuta risasi, nikalehemu viungo vyote kimoja kimoja, nikatoa waya wa simu ya zamani ukutani nikaufanya uzi wa tatu, nikapima tena palepale kwenye tanuri, barafu na maji ya moto, mpaka namba ya chumba cha kioo ikalingana na zebaki. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Sikumwambia mtu.

Na mbao zikaanza kukauka. Hili ndilo linalonichoma mpaka leo, linanichoma nikiwa naoga, linanichoma nikiwa nakula. Mtaalamu alisimama mbele ya wafanyakazi wote, akainua ubao mkavu, akasema, "Mnaona? Tangu yule mzee aondoke, mbao zinakauka." Akanigeukia. "Au sio, fundi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Kwa ukarabati wangu nikamthibitisha kuwa mhujumu. Kama ningeacha ubovu uendelee, pengine wangegundua kwamba hakuwa yeye. Nilitengeneza waya, nikamzika mtu.

Mkitafuta wa kumlaumu, hata mimi nimemtafuta. Nimemlaani mtaalamu na ile 'waya ni waya' yake, nikamlaani mwekezaji aliyekaa miaka michache akauza mashine kama vyuma chakavu na kuondoka. Wanastahili, na nikikutana nao leo nitawaambia. Lakini waya nilisokota mimi.

Nilikaa kimya mpaka nilipostaafu, na hata baada ya hapo nilikaa kimya mwaka mzima. Ndipo nikapanda gari la Matombo. Nilimkuta Mzee Kobelo amekaa mbele ya nyumba kwenye kigoda, amekonda, viganja ni vilevile. Nilimwamkia. Akaitikia, akanikaribisha, mkewe, Mama Zaituni, akaleta maji. Nilingoja aniulize kama nimebebeshwa mzigo kupelekwa pwani. Hakuniita mtani.

Nikamweleza yote, kwa sauti ya chini, macho yangu chini. Vipande, kutu, ngazi, zebaki, kuitikia kwangu kwa kichwa. Nilipomaliza akaniuliza.

"Ulijua lini?"

"Wiki ya tatu baada ya wewe kuondoka, mzee."

"Wiki ya tatu." Akaigeuza mikono yake, akaitazama. "Mimi nilijua sikufungua mlango. Hilo lilikuwa halinisumbui. Lakini ile mashine ilikuwa na namba, na wewe ni fundi, ukasema nzima. Na nikasikia kwamba nilipoondoka mbao zilikauka. Nikasema basi, mkono umekufa. Uzee umeingia mkononi."

Mama Zaituni akasema, "Karafuu zetu hakuzigusa tena. Tukimwambia atushikie kama zimekauka, anasema mwiteni mtu mwingine. Miaka yote hii."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa fimbo. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nilidhani nilimnyang'anya kazi na jina, kumbe nilimfanya asiuamini mkono wake mwenyewe.

Akasimama. "Twende."

"Wapi, mzee?"

"Kwa majirani. Habari za barua ile ziliwafikia. Ukayaseme haya kama ulivyoyasema hapa, ila useme kwa nguvu. Umesema kama mgonjwa."

Tukaenda nyumba kwa nyumba kwenye njia ile ya mteremko, yeye mbele, mimi nyuma, na watu wakitoka anawaambia, "Huyu ana neno." Nami nasema. Nyumba ya kwanza sauti ilinikatika. Akaniambia nianze upya. Nyumba ya tatu nilikuwa nasema kama muadhini.

Neema, wewe na wenzako lehemuni vile viungo, wekeni uzi wa tatu, sogezeni amplifaya kwenye kihisi, punguzeni geini. Kisha pimeni palepale kwenye sanduku, si mezani. Hayo ni ya kitaalamu na mtayamaliza kwa siku moja. Lakini kwanza mpande Matombo, mkamwombe radhi yule mama aliyewaambia sanduku limepoa, na mkamwombe mbele ya wenzake, maana kama mlimcheka kwangu, najua mlimcheka na mbele yao.

Nyumba ya mwisho siku ile ilikuwa ya mjane mmoja aliyekuwa ameanika karafuu uani kwenye jamvi. Nilisema maneno yangu, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya." Mzee Kobelo alikuwa hamsikilizi. Alikuwa anatazama lile jamvi. Akachuchumaa taratibu, akaingiza kiganja katikati ya karafuu, akafumba macho, akatulia hivyo hivyo mpaka nikaanza kuogopa.

"Bado," akamwambia yule mjane. "Siku mbili."

Mama yule akachukua ungo na kuanza kuzigeuza. Mfukoni nilikuwa na kipimo changu kipya cha unyevu, nilikuwa nimekileta nimwonyeshe. Sikukitoa.